Maneno Yaliyoishia Mgongoni Mwangu

Mdomo wangu kata nzima ya Kashaulili, hapa Mpanda, wanaujua. Nimefundisha shule za msingi mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na sijawahi kushindwa kumwambia mtu ukweli wake. Diwani nimemwambia, padri nimemwambia, na marehemu mume wangu ndiyo usiseme. Ila kuna mtu mmoja nilitakiwa nimsemee maneno mawili tu, maneno ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeyatamka, nikameza mate. Mtu huyo alikuwa baba wa mume wangu.

Alikuwa mkulima wa mpunga kule Mamba, Mpimbwe. Mtu mrefu, mkimya, mkatoliki wa kufika kanisani kabla kengele haijagongwa. Mimi nami nilizaliwa Mpimbwe hukohuko, kijiji cha jirani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunifundisha namna ya kuishi na mkwe. Mkwe wa kiume humtazami usoni. Humpi mkono. Hukalii kigoda alichokikalia. Mkikutana njiani unakaa pembeni, unainama, anapita. Kukiwa na neno la lazima linapitia kwa mtu mwingine, mama mkwe au mtoto yeyote aliye karibu. Vijana wa leo nikiwasimulia wanacheka, eti bibi nyie mlikuwa watumwa. Watumwa wapi! Niliipenda heshima ile. Mwanamke anayeinamia mkwe anajua kwamba ameolewa, hajaokotwa.

Uhuru katika ile nyumba ulikuwa sehemu moja tu, kati ya babu na mjukuu. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na nane, yule mzee mkimya akafunguka kama redio iliyotiwa betri mpya. Alimwita "mke wangu", utani wa babu na mjukuu. Alimlalamikia chakula, alimlalamikia mvua, alimwambia bibi yako ana wivu ndiyo maana ananipikia uji mwepesi. Mimi nilikuwa najipitia zangu na mtungi, nimeinamisha kichwa, nacheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimemfahamu baba mkwe wangu miaka mitatu, na sauti yake nilianza kuijua pale alipopata mjukuu wa kuongea naye.

Ugonjwa wake ulianza kiangazi cha mwaka huohuo. Sisi tulikuwa tunaishi Mpanda mjini, mume wangu dereva wa lori, mimi mwalimu. Siku moja mume wangu alirudi na lori kutoka Mpimbwe, baba yake amelala nyuma juu ya magunia, anatetemeka, tumbo la chini limetuna kama la mja mzito. Siku mbili hajapata haja ndogo. Walipitiliza moja kwa moja hospitali. Hospitali yenyewe sitaitaja, walionisoma mpaka hapa hawana haja nayo. Wakati ule alikuwepo daktari mmoja mzungu, mzee, aliyejua Kiswahili cha kuvunjavunja. Alimwingizia mpira wa mkojo, na mume wangu aliniambia baadaye kwamba baba yake alilia machozi ya raha mbele yake, kitu ambacho hajawahi kukiona tangu azaliwe. Alikaa na ule mpira wiki mbili, ukatolewa, akarudi kwake.

Mimi sikuambiwa zaidi ya hapo. Yalikuwa mambo ya wanaume, na ya mkwe tena. Niliuliza mara moja, mume wangu akasema, "Amepona, mwalimu. Acha udadisi."

Halafu vita vikaja. Madereva wakahitajika, na mume wangu akaitwa kabla ya mvua kukolea. Nilimsindikiza stesheni, mtoto mgongoni, nimejikaza nisilie mbele ya wanafunzi wangu waliokuja kumuaga. Mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya behewa akanigeukia.

"Baba akija, mpeleke hospitali. Wanajua."

"Wanajua nini?"

"Wanajua. Wewe mpeleke tu."

Treni ikaondoka. Wanaume hawa! Angesema sentensi moja zaidi, moja tu, nisingekuwa naandika haya.

Mzee alirudi mwezi wa kumi na mbili. Mpwa wake alimleta kwa baiskeli mpaka barabara kubwa, wakadandia lori, wakapita pori la Katavi na mbung'o wanawatafuna, wakafika kwangu mchana wamelowa chapachapa. Mto Kavuu ulikuwa umejaa na walivuka maji yakiwa kifuani. Kadi ya hospitali, ambayo yule daktari mzungu alikuwa ameiandika pande zote mbili, ilikuwa imegeuka uji ndani ya mfuko wa shati. Mpwa alinywa chai, akageuza siku hiyohiyo kuwahi mpunga. Nikabaki na mzee. Nilimkuta amesimama nyuma ya nyumba, mikono imeushika ukuta, jasho linamtiririka.

Sasa fikiria hali ile. Sina mume. Mama mkwe miguu yake haimfikishi hata kisimani. Mpwa ameondoka. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kusalimia watu na kuulizia njia, basi. Aliyebaki wa kumpeleka na kumsemea ni mimi, mkamwana wake, mtu ambaye hata kivuli chake nilikuwa nakikwepa. Tulikwenda mguu kwa mguu, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma, mtoto mgongoni.

Yule mzungu alikuwa ameshamaliza mkataba wake na kurudi kwao. Tulimkuta daktari kijana, mwenyeji wa mkoa wa mbali, mpole, mwepesi wa kuongea. Mzee akaingizwa nyuma ya pazia. Mimi nikasimama nje yake, nimeligeuzia pazia mgongo, natazama benchi la wagonjwa. Nilisikia kuguna, nikasikia vyombo, halafu nikasikia dresa, yule mfunga vidonda, anacheka, kicheko kile cha kuziba mdomo. Daktari akatoka na kisahani. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kikonyo cha jani la mnyonyo, kile chenye tundu katikati, ambacho watoto shuleni kwangu walikuwa wanapulizia povu la sabuni.

"Mwalimu, hiki kimetoka kwenye njia ya mkojo. Muulize alikiingiza kwa nini."

Kwenye benchi alikuwa ameketi baba wa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Dresa mwenyewe mtoto wake alikuwa darasani kwangu. Wote wananitazama, mwalimu, waone nitasemaje. Sikuuliza. Nilimtikisa mtoto mgongoni kama anayembembeleza, nikasema kwa Kipimbwe, kwa sauti ndogo, "Mwambie babu yako, mganga anauliza."

Kisha sauti ya mzee ikatoka, ile sauti yake ya mjukuu, ila imechoka.

"Mke wangu, umelala?"

Mtoto aliisikia akarusha miguu.

"Mke wangu, mwambie mganga kwamba mkojo unafunga. Haukuanza leo. Njia imekuwa nyembamba kama ya sindano. Yule mzungu alinifungua kwa mpira, na mimi nilitazama vizuri anavyofanya. Alimwambia mwanangu nirudi kila mwezi wanipanue. Sasa mwanangu ameenda vitani na mto umejaa. Nyumbani sina mpira. Nikatafuta kitu chenye tundu. Nilikichemsha kwanza, mwambie, kama wao wanavyochemsha vyombo vyao. Mara nne kimenifungua. Mara ya tano ndipo kimekatika."

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza namna alivyozibua mfereji wa shamba. Hakukuwa na wazimu hata chembe. Mtu amefungwa mkojo, amezungukwa na maji, ametumia akili aliyopewa na Mungu.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Nilifungua mdomo. Ilibidi nitamke, mbele ya wale wanaume, mkojo wa mkwe wangu, na njia yake, na alivyofanya. Ulimi ukakataa. Nasema ulimi, lakini ulimi hauna akili yake. Ni mimi.

"Anasema hajui, daktari."

Ndivyo nilivyosema. Daktari akatikisa kichwa, akasema kumbe mkojo ulizibwa na hili dude, limeshatoka, sasa utapita wenyewe. Mzee akasubiri nyuma ya pazia kusikia jibu. Nikamtikisa mtoto tena. "Mwambie babu, mganga amesikia."

"Mwambie ahsante," mzee akajibu.

Alilala wodini siku nne, mkojo ukatoka, akarudi Mamba na lori. Nilijiambia yamekwisha. Ningesema nini kingine? Kila Jumapili nilikuwa napiga magoti nikisali mume wangu arudi salama, na katika sala hizo zote nilikuwa namwomba Mungu aharakishe ili mzee apate mtu wa kumsemea. Yaani namwomba Mungu amalize vita kwa sababu mimi naona haya! Ujinga wa namna hii unaweza kuutenda ukiwa na cheti cha ualimu ukutani.

Mwezi wa pili mzee akarudi. Safari hii alibebwa kwenye machela ya miti mpaka lilipo lori, na macho yake yalikuwa ya njano. Kikonyo kilikuwa kimekatika tena na kipande kimezama mpaka kwenye kibofu. Koleo halikifikii. Ikabidi apasuliwe chini ya kitovu. Walitoa vipande viwili, kimoja kimeanza kuota ganda gumu kama la kauri, maana yake kilikuwemo humo tangu mara ya kwanza.

Hapo ndipo habari zikatoka nje ya geti. Wodini walimpa jina, mzee wa mnyonyo. Wagonjwa wenye nguvu walikuwa wanakwenda kumchungulia. Kuna waliosema amerogwa, kuna waliosema ni mchezo mchafu wa uzeeni, na wengine walisema mambo ambayo siyaandiki. Sokoni Kashaulili nilikuwa nimeinama nachagua dagaa, akina mama wawili wanasimuliana, mmoja akanigeukia, "Eti mwalimu, yule mzee wa hospitali ni ndugu yako?" Nikamwambia, "Ndugu gani? Ni mtu wa kijijini kwetu tu." Nilipima dagaa wangu, nikaondoka. Nimejisikia vibaya mara nyingi maishani, lakini siku ile nilitembea najiona nanuka.

Daktari aliniita pembeni ya kitanda siku ya tatu baada ya upasuaji. Safari hii hakukuwa na mzaha kwenye uso wake. Alivuta kigoda, akaniambia nikae. Sikukaa, mkwe alikuwa mbele yangu. Nilisimama nimempa mzee mgongo, mtoto akawa anamtazama babu yake uso kwa uso.

"Mwalimu, nisikilize vizuri. Kuna mambo mawili. Kama mtu huyu mkojo wake ulikuwa unaziba kabla ya kuanza haya, basi ana kovu kwenye njia, na namwandikia barua aende Tabora kwa treni. Yupo mtaalamu pale, atamtengeneza. Lakini kama ulikuwa unatoka vizuri na akaanza tu kujichokonoa, basi ugonjwa uko kichwani, na huko Tabora watanicheka. Muulize."

Kama ni mtego, Mungu aliutega wazi kabisa, na mlango wa kutokea akaniachia. Nilimtikisa mtoto, nikamwambia aulize. Mzee alianza kabla sijamaliza.

"Mke wangu, mwambie nilianza kukojoa kwa shida kabla mama yako hajaolewa. Mwambie na yule mzungu anajua. Mwambie kama anaona nasumbua, anipe mpira mmoja tu, niondoke nao. Nitautunza. Nitauchemsha. Sitakuja tena kuwachosha." Kitanda kikalia chini yake. "Mwambie inauma, mke wangu. Inauma mno."

Mtoto akacheka, kwa sababu babu yake alikuwa anaongea naye.

Kitanda cha pili yule dresa alikuwa anamfunga mtu bandeji. Mikono yake ilikuwa imesimama, anasubiri nitakachosema apate cha kupeleka mjini. Na mimi nilikuwa nimeshasema sokoni kwamba si ndugu yangu, na nilikuwa nimeshasema mara ya kwanza kwamba hajui. Nikisema leo kwamba anajua, na kwamba tangu mwezi wa kumi na mbili alikuwa anajua, daktari ataniuliza kwa nini nilimdanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliogopa kuonekana mwongo, basi nikadanganya tena.

"Ulikuwa unatoka vizuri, daktari," nilisema. "Ni uzee. Akili zinamruka."

Akashusha pumzi. Akaandika. Niliiona kalamu ikienda, na sikuisimamisha.

Jioni nilipopeleka uji nilikuta mikono ya mzee imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Amri ya daktari, asije akajichokonoa kidonda kikiwa kibichi. Bandeji zilifungwa kwa ulaini, hawakumwumiza, lakini nzi walikuwa wanamtembea usoni na hana wa kuwafukuza. Nesi alimnywesha uji kwa kijiko. Nilisimama mlangoni nimetazama nje. Mzee alimwona mtoto mgongoni kwangu.

"Mke wangu," akaita, "muulize mganga nimemkosea nini. Nilimweleza kila kitu."

Niliondoka mbio. Nilikaa chini ya ukuta wa jikoni la hospitali, nikalia mpaka mtoto naye akaanza kulia, na wapishi wakatoka kunipa pole wakidhani nimefiwa.

Mtu atauliza, kwa nini hukuandika? Mwalimu mzima, kalamu na karatasi ni kazi yako. Niliandika. Kesho yake shuleni, watoto wakiwa wanafanya hesabu, nilichana ukurasa katikati ya daftari nikaandika yote, mto, mpira, mzungu, kila mwezi, maji ya kuchemsha. Niliandika hata kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Ilikuwa barua nzuri. Niliikunja, nikaipeleka saa ya mapumziko. Daktari alikuwa amekwenda Magamba kuchanja watoto, atarudi baada ya siku mbili. Dresa alikuwa mlangoni. "Lete, mwalimu, nitampa," akanyoosha mkono, na nilijua kwamba kabla jua halijazama barua ile itakuwa imesomwa wodi nzima. Nikasema hapana, ni habari za shule. Nilipotoka getini nikaichana vipande vidogovidogo. Nilijiahidi nitarudi nimwambie mwenyewe kwa mdomo. Siku mbili zikapita, tatu zikapita, kila siku ina sababu yake. Mara mtihani, mara mtoto ana homa. Uongo ukishakaa siku tatu unazoea, unavuta kigoda.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniita nimpe mzee maagizo. Mpwa alikuwa amekuja kumchukua, amesimama kando na baiskeli. Mzee alikuwa amevaa shati lake la kanisani, amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Mwambie hivi. Asiingize tena kitu chochote. Kikonyo, kijiti, unyoya, chochote. Kidonda kimepona kwa bahati. Akirudia, atakufa. Aniahidi."

Hayo niliyatafsiri. Nilimgeuza mtoto vizuri mgongoni, nikayasema kwa Kipimbwe safi, neno kwa neno, sikuacha hata moja. Maana hayakuwa na aibu ndani yake, yalikuwa amri tu, na amri mwalimu anajua kuzitoa.

Mzee alisikiliza. Akafunga kifungo cha kola taratibu, mpaka daktari akatazama saa.

"Mke wangu, mwambie nimesikia. Mwambie namwahidi."

Akamgusa mtoto mguu kwa kidole kimoja, akaenda kupanda baiskeli. Alikaa upande kama mwanamke kwa sababu ya kidonda.

Habari zilinifikia mwezi wa nne. Dereva wa lori la mpunga aliteremka mlangoni kwangu, akavua kofia, sikuhitaji aseme. Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda lori hilohilo likirudi. Kavuu ilikuwa imejaa tena, tukalala upande wa huku siku mbili tukisubiri maji yapungue. Nilipofika Mamba walikuwa wameshamzika. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba kuelekea shambani, na mpunga ulikuwa umeiva, unataka mavuno, hakuna aliyeugusa.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, na wanawake wa jumuiya wamemzunguka. Aliponiona akawaomba watupishe. Alinishika mkono, akamshusha mtoto mgongoni kwangu, akampakata. Kisha akanisimulia, taratibu, bila kulia, kwa sababu alikuwa ameshalia kwake akamaliza.

Mkojo ulifunga wiki moja kabla ya Pasaka. Siku ya kwanza mzee alisema utafunguka. Siku ya pili alikuwa anatambaa. Mto ulikuwa umefunga njia, mpwa alijaribu kumvusha wakarudi. Siku ya tatu mama mkwe mwenyewe alijikokota mpaka kwenye mnyonyo nyuma ya choo, akachuma vikonyo, akavichemsha kama alivyoona mumewe akifanya, akavileta juu ya sahani.

"Akakataa," alisema. "Nilimpigia magoti, mwanangu. Nilimwambia mara nyingine zilikusaidia, jaribu. Akaniambia hapana. Akasema, mganga alielezwa yote, mkamwana alimweleza tangu mwanzo bila kuficha, na aibu yote ile ameibeba yeye mbele za watu, mtoto wa watu, mwalimu. Na mganga akiwa ameshajua yote akasema hapana, basi ni hapana. Akasema amekwishaahidi kwa kinywa chako, hawezi kukufanya wewe uonekane mwongo."

Alichukua siku mbili zaidi kufa. Sitasimulia. Alinisimulia mama mkwe, na mimi nimebaki nazo.

Nilikuwa nimekaa mbele yake, mikono mapajani. Ingetosha kusema, mama, sikumsemea. Pale pale, tulikuwa wawili tu na mtoto. Nilikuwa nimesafiri siku tatu nikiwa na maneno hayo mdomoni, nimeyapanga, nimeyapangua. Mama mkwe akanivuta, akakiweka kichwa changu begani kwake.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Alikufa akikusifu. Alisema hajawahi kupata mtu wa kumsemea vizuri kama wewe. Mungu akulipe."

Nikasema, "Amina, mama."